Umeandika "Sina Uzoefu"? Subiri Kwanza, Usitume

Wifi yangu alinitumia CV yake kwa WhatsApp saa tatu usiku. "Wifi, naomba unipitishie macho, kesho ndiyo mwisho wa kupokea." Duka moja la jumla lilikuwa linatafuta keshia. Nikafungua. Jina, tarehe ya kuzaliwa, kidato cha nne, cheti cha kompyuta cha miezi mitatu. Chini ya "Uzoefu wa kazi" aliandika neno moja tu: Sina.

Huyu ni mtu aliyetunza hela za kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, cha wanawake ishirini na tano kwa miaka minne. Akiumwa Jumamosi, kikao kinaahirishwa. Nikampigia palepale.

"Wifi, na kikoba je?"

Akacheka. "Aa, kile? Ile si kazi, wifi. Ile tunasaidiana tu."

Basi hapo ndipo wengi wetu tunapopotelea. Tumezoea kuita kazi kile chenye mshahara, bosi na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Kingine chote ni "kuhangaika", "kujishikiza", "nipo tu nyumbani". Mtu akijisemea hivyo miaka mitano, siku akiulizwa anajua nini anajibu hajui kitu, na anaamini anachosema. Nimewahi kukaa upande wa pili wa meza nikisoma maombi ya kazi. Wengi walioandika "sina" walikuwa nacho, ila hawakujua pa kukichota.

Usiku ule tulikaa kwenye simu mpaka karibu saa sita. Hatua tulizopitia ndizo hizi.

Hatua ya 1: Achana na sifa, tafuta ulichokabidhiwa

Mtu akiambiwa aandike ujuzi wake, kalamu inakimbilia sifa: mchapakazi, mwaminifu, najituma, naweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Ukishafika CV ya arobaini kwa siku moja, macho yanayaruka maneno hayo yenyewe. Na mwizi naye anaandika mwaminifu.

Jiulize hivi: ni nani aliwahi kunikabidhi kitu ambacho kama kingeharibika, yeye ndiye angeumia? Chukua daftari uandike kila jibu linalokuja, bila kuchagua. Kuna aliyekuachia funguo za duka akaenda msibani Iringa wiki mbili. Kuna aliyekuachia mtoto wa miezi mitano. Kuna bibi ambaye dawa zake ulikuwa unazijua wewe peke yako, ipi kabla ya chakula na ipi baada. Kuna msiba wa mtaani ambapo ulipewa jiko, na watu mia mbili wakala saa nane mchana kama ilivyotangazwa. Kuna ndugu wawili waliogombea mpaka wa kiwanja, na wazee wakasema, "Aitwe fulani, huyo atawasikiliza wote." Kama fulani huyo ni wewe, andika.

Usitosheke na siku moja. Kumbukumbu ya mambo ya kila siku inakuja kidogo kidogo. Utakumbuka moja ukiwa unafua, jingine ukiwa kwenye daladala. Jipe wiki. Wifi hakuwa na wiki, alikuwa na masaa, ndiyo maana nilimwuliza mimi. Nawe tafuta mtu wa kukuuliza, hasa aliyekuona ukifanya. Sisi wenyewe tunaona tunachokiweza kuwa chepesi, kwa sababu kwetu ni chepesi.

Kwenye daftari hilo usiweke "napenda kusafiri, kusikiliza muziki na kutazama mpira". Hakuna aliyekukabidhi mpira.

Hatua ya 2: Chagua moja, ulivunje vipande

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye mali. Watu wanaandika "mweka hazina wa kikoba" wanaishia hapo. Msomaji wa CV hajui mweka hazina anafanya nini. Kwa anavyojua, labda unakaa tu na pochi.

Nikamwambia wifi anisimulie Jumamosi moja tangu anaamka, asiruke kitu. Akaanza kwa kusitasita, baadaye nikashindwa kumfuata kwa kuandika.

Sanduku la chuma linakaa kwake, lakini hawezi kulifungua. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanawake watatu tofauti. Kikao kikianza, kwanza wanachama wanatakiwa kukumbuka kiasi kilichofungiwa wiki iliyopita. Sanduku linafunguliwa, hela zinahesabiwa, zinalingana au hazilingani. Wanaitwa kwa namba, mmoja mmoja. Kila mtu ananunua hisa, kuanzia moja hadi tano, hisa moja shilingi 2,000. Hela inahesabiwa na wahesabu wawili, kitabu cha mwanachama kinagongwa muhuri mmoja kwa kila hisa, na katibu anaingiza kwenye daftari kuu. Halafu mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida. Halafu marejesho ya mikopo. Halafu faini za waliochelewa, na hapo ndipo kelele. Halafu mikopo mipya: anayeomba anasema ya nini, na hawezi kuvuka mara tatu ya hisa zake. Mwisho hesabu inafungwa, kiasi kinatajwa kwa sauti, kufuli zinarudi.

Niweke jambo moja pembeni. Mfumo huu wa sanduku na kufuli tatu haukubuniwa kwa mchezo. Ulianzia Niger mwaka 1991, kwenye mradi wa wanawake wa shirika la CARE, na umeenea kwa sababu unafanya kile ambacho wakaguzi wa hesabu wanakidai kwenye kila ofisi: anayetunza hela asiwe ndiye mwenye funguo, anayeandika asiwe ndiye anayehesabu, na hesabu ifungwe mbele ya mashahidi. Wenyewe wanaita udhibiti wa ndani. Wifi alikuwa anaufanya kila Jumamosi chini ya mwembe.

Tulipomaliza kuvunja, "mweka hazina" mmoja alizaa: kupokea fedha taslimu na kuhesabu mbele ya mwenyewe, kutunza kumbukumbu za watu wengi bila kuchanganya, kufunga hesabu siku hiyohiyo, kukokotoa marejesho na riba, kumkumbusha mtu deni bila kumvunjia heshima, na kusema "hapana" kwa rafiki anayetaka mkopo nje ya utaratibu. Hilo la mwisho alilidharau. Nikamwambia keshia asiyeweza kumwambia rafiki yake "hapana" hamalizi mwezi.

Hatua ya 3: Weka namba

Ujuzi usio na kipimo unasikika kama maringo. Namba zinatoka kwenye maswali ya kawaida: wangapi, mara ngapi, kiasi gani, kwa muda gani.

Tulipiga hesabu hivi. Wanachama 25, wastani wa hisa tatu kwa mtu, hisa shilingi 2,000: hiyo ni shilingi 150,000 kwa kikao. Mzunguko wao una vikao 48, kwa hiyo shilingi 7,200,000 kabla ya kuvunja na kugawana. Mizunguko minne ni shilingi 28,800,000, na hapo hatujagusa marejesho wala faini. Upande wa pili wa simu palinyamaza. Kisha: "Wifi, mimi nimeshika milioni ishirini na nane?"

Wewe kama ulikuwa mama lishe, sahani ngapi kwa siku, na chakula kilikuwa tayari saa ngapi? Kama ulilea wadogo zako, wangapi, na nani alikwenda kwenye vikao vya wazazi shuleni? Usipojua kamili, sema "wastani wa" au "zaidi ya" na uchague namba ndogo unayoweza kuitetea. Usipandishe. Msaili mwenye akili anauliza ulivyoipata, na ukibabaika hapo hata yaliyo kweli yanaonekana ya kubuni.

Hatua ya 4: Soma tangazo, kisha tumia maneno yake

Chapisha tangazo, au lichukulie picha, na upigie mstari kila kitendo. Tangazo la wifi lilitaka mtu wa "kupokea malipo", "kufunga hesabu za siku", "kutunza kumbukumbu za mauzo" na "kuhudumia wateja kwa lugha nzuri". Linganisha na vipande vyako. Vitatu vya kwanza alikuwa navyo karibu neno kwa neno. Cha nne alikifanya kwa watu ambao akiwaudhi leo, kesho anakutana nao kisimani.

Hapa ndipo kazi ya kutafsiri ilipo, maana mtaa na ofisi vinaita jambo lilelile majina mawili. Mwenye genge anayeweka nyanya za jana mbele na za leo nyuma anafanya kile ambacho stoo inakiita "kinachoingia kwanza kitoke kwanza". Kupanga tenga la nyanya kwa mafungu, akijua fungu likiwa kubwa anakula mtaji na likiwa dogo zinaozea mezani, ni kupanga bei. Konda wa daladala anapokea hela ndogondogo kutwa nzima gari likiwa linatembea, anakumbuka nani hajarudishiwa chenji, anatuliza ugomvi wa nauli ya mwanafunzi, na jioni hesabu ya bosi inapatikana. Sijui mapokezi gani ya ofisi yanamshinda mtu huyo kwa watu wasumbufu. Aliyefanya biashara Tunduma, mpakani na Zambia, anabadilisha shilingi na kwacha kichwani huku anaongea na wateja wawili.

Halafu kamati ya harusi. Nashangaa hakuna anayeiandika. Mtu anakuwa mweka hazina wa kamati miezi minne: ana orodha ya ahadi, anafuatilia wanaosema "nitatuma mwisho wa mwezi", anajua lini apige simu na lini atume ujumbe, analipa ukumbi, mapambo na chakula kwa awamu, na siku ya kuvunja kamati anasoma mapato na matumizi mbele ya watu ambao kila mmoja ana mashaka yake. Kampuni zinaajiri watu wa kufuatilia madeni kwa kazi hiyohiyo, tena wadaiwa wao si mashemeji.

Tumia maneno ya tangazo pale yanapolingana na ulichofanya kweli. Usiyachukue yote kwa sababu yanapendeza.

Hatua ya 5: Tenga kinachohama na kisichohama

Siyo kila kitu kinavuka. Dereva wa bodaboda anajua njia za mji, matengenezo madogo na namna ya kuishi na mteja mwenye haraka; hivyo vinahama kwenda kazi ya kusambaza mizigo. Leseni yake ya pikipiki haimpi usukani wa lori. Umemuuguza bibi yako miaka miwili? Andika ulichofanya: kumgeuza kitandani, kumwogesha, kufuata saa za dawa, kutambua mabadiliko na kumpeleka hospitali mapema. Usiandike "uuguzi". Uuguzi una mafunzo yake na leseni yake, na mtu wa hospitali akiliona neno hilo bila leseni anaweka CV pembeni.

Kwa wifi pengo lilikuwa mashine. Anajua daftari, hajui mfumo wa mauzo wa kompyuta, na Ekseli aliisoma miezi mitatu akaisahau. Tuliandika ukweli: ana msingi wa Ekseli. Kisha nikamwambia siku zilizobaki kabla ya usaili aingize daftari la kikoba la mwezi mmoja kwenye Ekseli, hata kwa simu, ili akiulizwa awe na cha kuonyesha. Pengo ulilolitaja mwenyewe na ukaonyesha umeanza kuliziba halitishi kama pengo wanalolikuta wao.

Hatua ya 6: Tafuta shahidi

Kazi isiyo na mkataba inahitaji mtu wa kusema "ni kweli". Kwenye wadhamini, usiweke mjomba. Mweke mwenyekiti wa kikoba, mwalimu mkuu wa shule ambako ulikuwa kwenye kamati, mwenye duka aliyekuachia funguo, au mwenyekiti wa serikali ya mtaa kama anakufahamu kwa kazi na siyo kwa sura tu. Muombe ruhusa kwanza, na umkumbushe ulichofanya na lini. Mdhamini anayepigiwa ghafla akajibu "ehee, nani huyo?" ni heri usingemweka.

Kwa vikundi vya kuweka na kukopa, angalia kama mmesajiliwa. Kwa Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavihusu. Kikundi chenye cheti na mihtasari ya vikao kinakupa ushahidi wa maandishi, jina lako likiwa kwenye safu ya viongozi. Ukionyesha ukurasa wa daftari, ficha majina ya wanachama. Anayeanika madeni ya wenzake ili apate kazi ya hela amejibu swali la usiri kabla hajaulizwa.

Hatua ya 7: Andaa kisa kimoja cha usaili

Kwenye usaili wataanza na "tuambie kuhusu wewe", na baadaye "tupe mfano wa tatizo ulilolitatua". Andaa kisa kimoja chenye tatizo, ulichofanya, na kilichobadilika baada yake. Chagua siku mambo yalipoharibika, maana siku zilizokwenda vizuri hazionyeshi mtu.

Kisa cha wifi nilikuwa nakijua nusu. Usiku ule akakimaliza. Siku moja wanafunga hesabu, vitabu vinasema 412,000, sanduku linasema 402,000. Saa kumi na mbili jioni, watu wanataka kwenda kupika. Mmoja akasema waandike tu deni la kikundi waondoke. Wifi akakataa: hakuna kutoka mpaka ionekane. Hela zikahesabiwa upya na watu wawili wengine. Bado 402,000. Vitabu vya wanachama vikalinganishwa na daftari kuu, vyote vikakubaliana. Hela ndiyo ilikataa. Basi, kama vitabu viko sawa na hela imepungua, kuna aliyegongewa muhuri kabla hajalipa. Akaanza kuita namba moja moja, si kumuuliza mtu kama amelipa, bali amelipa kwa noti zipi. Namba 17 akashika pindo la kanga. Elfu kumi ilikuwa imefungwa fundo mle. Alipokuwa anataka kuitoa simu yake iliita, akatoka kuongea, aliporudi akakuta kitabu kimeshagongwa mihuri mitano.

Hakuna aliyetukanwa. Wiki iliyofuata wifi akaleta pendekezo: hela kwanza, muhuri baadaye, na muhuri usiguswe mpaka wahesabu wataje kiasi kwa sauti. Upungufu haukurudi tena.

Nilimwambia, hicho wasimulie hivyohivyo. Usikipambe, usiongeze "kutokana na hilo nilijifunza umuhimu wa uwajibikaji". Kwenye kisa hicho msaili ataona ulivyotafuta chanzo, ulivyosimama imara bila kumdhalilisha mtu, na ulivyobadilisha utaratibu ili kosa lisijirudie. Kifanyie mazoezi kwa sauti, dakika mbili, mara tatu, mbele ya mtu.

Kama ujuzi wako ni wa fundi

Seremala, mwashi, fundi magari au mpishi aliyejifunzia gereji au jikoni kwa watu ana njia ya ziada. Nchini Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa kwa vitendo, unafundishwa pale penye upungufu, unapewa cheti. Ulizia chuo cha VETA kilicho karibu nawe fani gani wanapima. Kenya kuna majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, yanayoanzia daraja la tatu kupanda hadi la kwanza. Kama una miaka sita kwenye fani na huna karatasi, anza huko kabla ya kuhangaika na maneno ya CV.

Ilivyotoka

Pale palipokuwa na "Sina" tuliandika hivi:

*Mweka hazina wa kujitolea, kikoba cha wanachama 25, miaka 4*

*Kupokea na kuhesabu wastani wa shilingi 150,000 za hisa kila wiki, mbali na marejesho ya mikopo, na kufunga hesabu siku hiyohiyo mbele ya wanachama.*

*Kusimamia kumbukumbu za hisa na mikopo kwa mizunguko minne, zaidi ya shilingi milioni 28 za hisa. Mizunguko yote imegawanywa bila upungufu.*

*Kuanzisha utaratibu mpya wa kupokea fedha uliokomesha tofauti kati ya vitabu na fedha taslimu.*

Mistari mitatu, kila mmoja una mtu wa kuuthibitisha. CV yote ilibaki ukurasa mmoja. Kabla hajatuma nikamwambia asome tena tangu juu, polepole, kama anahesabu hela za watu. Ndipo akagundua namba ya simu aliyoiweka ni ya laini iliyofungwa tangu mwaka jana.